Kibali cha kuwinda aligeta Florida: uzoefu wangu

Kwa dola 272 anazolipa mkazi wa Florida, kibali hiki cha kuwinda aligeta, jamii ya mamba wa Marekani, nakiona cha bei nzuri. Ndani yake mna leseni na tagi mbili za CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama walio hatarini), tagi moja kwa kila mnyama, maana yake aligeta wawili. Asiye mkazi hulipa 1,022, na huyo ningemwambia asithubutu kama hana mwenyeji mwenye boti. Umri ni kuanzia miaka 18.

Vibali hutolewa kwa droo, na kila kimoja kina eneo lake na tarehe zake ndani ya msimu wa 15 Agosti hadi 1 Novemba. Soma ramani ya mipaka kabla ya kuomba, maana usiku majini mpaka hauonekani. Mwenzako anayekuja kutazama tu hahitaji karatasi; akishika kamba au chusa, anahitaji leseni ya wakala, yaani ya msaidizi wa mwenye kibali, dola 52.

Sheria yenyewe iko kwenye kamba: mnase kwanza, ndipo umuue. Bunduki hairuhusiwi. Ndoana yenye chambo nayo marufuku, ila kigingi kidogo cha mbao chenye chambo, kisichofika inchi 2, kinakubalika. Mimi napendelea chusa chenye kamba na boya. Akizama, boya linakuonyesha aliko. Fimbo ya risasi, ile inayofyatua ncha yake ikimgusa mnyama, hutumika tu akiwa tayari kwenye kamba. Wanaokwenda kinyume hupoteza mnyama: aliyejeruhiwa bila kamba huzama, basi.

Kabla ya kurusha, mpime kwa macho. Inchi kati ya macho na pua ni karibu sawa na futi za urefu wake, kwa hiyo inchi 8 ni aligeta wa futi 8. Chini ya inchi 18 za urefu haruhusiwi.

Akishatulia, usimwamini. Kata uti wa mgongo nyuma tu ya fuvu, funga taya kwa utepe wa gundi wa mafundi umeme, ndipo umpandishe botini. Tagi ifungwe papo hapo, ndani ya inchi 6 kutoka ncha ya mkia. Ivute mpaka ijifunge sawasawa; iliyolegea hung'oka ukimburuta. Ripoti ijazwe ndani ya saa 24, na kabla hujamkabidhi mchinjaji. Ngozi ibaki na tagi yake mpaka itiwe dawa kiwandani.