Kipimo cha mvuto wa pua: nimekitumia miezi minne

Mimi ni fundi seremala, niko Keko, Dar es Salaam, mwaka wa kumi na tisa sasa. Kazi yangu ni kupima. Ndiyo maana iliniuma kila daktari aliponiuliza pua imeziba vipi, nami sina jibu zaidi ya "inabana sana". Shemeji yangu wa London alipokuja likizo akaniletea kifaa hiki cha kupima hewa unayovuta kwa pua.

Ni bomba la plastiki lenye barakoa upande mmoja na kimshale chekundu kinachoteleza juu ya namba. Unatoa pumzi yote, unabana barakoa usoni, unafumba mdomo, halafu unavuta kwa pua mara moja kwa nguvu zako zote. Mshale unaganda ulipofikia, ndizo lita za hewa kwa dakika. Mara tatu, unaandika kubwa.

Kilichonishangaza ni dawa ya menthol ya kupaka. Miaka yote naipaka usiku, najisikia nimefunguka. Safari hii nikapima kwanza: 75. Nikapaka, ubaridi ukanipanda mpaka kwenye paji la uso, nikapima tena: 75 ileile! Daktari wa masikio, pua na koo akanieleza kwamba menthol huamsha mishipa ya fahamu inayohisi ubaridi, njia ya hewa haipanuki. Akaniwekea puani matone ya xylometazoline, dawa ya kuzibua pua, tukasubiri robo saa: 120. Akasema hapo tatizo kubwa ni nyama za ndani zilizovimba, maana mfupa wa katikati ya pua ukipinda haunyooki kwa matone. Matone yenyewe akanikataza kuyazoea, yakizidi siku chache pua huziba upya.

Kasoro zipo. Kinapima matundu yote mawili kwa pamoja, na pua kwa kawaida hupokezana, upande huu ukibana ule unafunguka. Ukitaka kila upande peke yake ni hospitali yenye mashine ya rinomanometri, inayosoma msukumo wa hewa pamoja na mwendo wake. Ukivuta kivivu namba inashuka bure. Na ndevu zinavujisha hewa, zangu nimezinyoa.

Namba naziandika kwa penseli ukutani karakana. Siku ya kupiga msasa mninga bila kujifunika, jioni 60. Nikivaa barakoa ya vumbi, 95. Vijana wangu wawili wameusoma ukuta ule, sasa wanavaa bila kukumbushwa.

Kwa mwenye pua ya vumbi kama mimi, kinunuliwe. Barakoa yake ioshwe kwa sabuni, na kila mtu awe na yake.