TAHADHARI: Injini za Golf GTI "za Japan" pale Ilala, stika inasema BWA bloki inasema AXW

Wakuu habari za leo. Mimi nimeshapigwa milioni nne na laki mbili na inaniuma sana, ila nilikuwa nimeamua kunyamaza mpaka jana jioni nilipoona yule jamaa aliyeniuzia injini ametupia tena tangazo lilelile, picha ileile ya injini imeviringishwa nailoni yenye maandishi ya Kijapani, eti "GTI 2.0 turbo, kilomita 58,000 tu, imeshuka bandarini juzi". Ndo picha niliyotumiwa mimi mwezi wa tatu. Kama umeshaelewana naye bei naomba subiri kwanza usome.

Natumia Volkswagen Golf 5 GTI, ile ya 2.0 TFSI yenye turbo, hosipawa 200. Mkanda wa taimingi ulinikatikia Mbezi Beach, na wanaozijua hizi gari wanajua mkanda ukikatika vali zinakutana na pistoni, hakuna kusalimika. Fundi wangu akapiga hesabu ya hedi, vali na pistoni akasema bora utafute injini nzima. Niliinunua gari kwa mtu akaniambia mkanda umeshabadilishwa, nikamwamini bila kufungua kava kuangalia.

Jamaa ana kibanda Ilala, mpole, lugha nzuri, bosi wangu bosi wangu kila dakika. Anakutumia video injini inaunguruma safi kabisa ndani ya gari. Ukifika unaikuta iko chini imepulizwa rangi ya siliva inang'aa, na kwenye kava la mkanda kuna stika ya BWA, ambazo kweli ni herufi za kutambulisha injini ya GTI 5. Nikaona stika nikaridhika nikalipa, nusu kwa simu nusu mkononi, risiti ya kuandika kwa kalamu, na garantii ya wiki mbili ya mdomo.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Lile kava ni plastiki, linatoka muda mfupi tu unahamishia kwenye injini yoyote unayotaka. Namba ya kweli imegongwa kwenye chuma cha bloki, upande wa mbele pale bloki inapoungana na gia boksi, na kwenye injini yangu pale palikuwa pameshindiliwa grisi na uchafu wakati kwingine kote panang'aa, hilo tu lingetosha kunishtua. Fundi alikuja kupasugua kwa petroli na brashi ya waya mambo yakiwa yameshaharibika, ikatokea AXW.

AXW ni 2.0 FSI ya Golf za kawaida, haina turbo, hosipawa 150. Kipenyo cha silinda na mwendo wa pistoni ni vilevile, milimita 82.5 kwa 92.8, kwa hiyo wanachukua bloki ya FSI ambayo ni rahisi kupatikana wanaivalisha hedi na turbo ya GTI na kwa macho huwezi kujua. Tofauti imejificha kwenye pistoni. Kompresheni, yaani kiasi pistoni inavyobana hewa kwenye silinda, ya FSI ni 11.5 kwa 1, ya GTI waliishusha makusudi mpaka 10.5 kwa 1 kwa sababu turbo inashindilia hewa nyingi, ukiishindilia kwenye kompresheni kubwa mafuta yanalipuka kabla ya wakati wake na pistoni ndo zinapokea kipigo.

Siku tisa za kwanza gari ilikuwa nzuri tu, maana kwenye foleni za Mwenge na Morocco turbo haina kazi. Siku ya kumi naenda Kibaha na familia, kupandisha Kimara nikakanyaga, nikasikia sauti kama kokoto zinatikiswa kwenye kopo, taa ya injini ikaanza kuwaka na kuzima, nyuma moshi wa bluu. Watoto wamo ndani. Kupima kompresheni silinda ya 3 imekufa, pistoni imevunjika pale ringi zinapokaa.

Na haikuishia hapo. Pampu ya mafuta ya presha kubwa kwenye injini hizi inasukumwa na kamshafti (shafti inayofungua vali) kupitia kikombe kidogo cha chuma, mafundi wanaita foloa. Kinalika, kwa hiyo ukimwaga oili kiangaliwe, kikitoboka pampu inakufa na kamshafti inaliwa. Yangu ilikuwa imetoboka katikati, wakati ni bolti tatu tu na injini ikiwa bado chini kibandani ni kazi ya dakika kumi. Akikukatalia kufungua hizo bolti tatu ondoka. Mwambie pia atoe manifodi ya hewa umulike vali kwa tochi, injini hizi petroli inaingia moja kwa moja kwenye silinda haipiti kuosha vali, kwa hiyo masizi yanajijenga kadiri kilomita zinavyoenda. Zangu zilikuwa na ukoko mweusi mnene kama wa sufuria ya kuni, hapo nikazidi kuzitilia shaka zile kilomita 58,000 jamani.

Halafu kuna ile galoni ya oili aliyonipa kama ofa, nikaona mtu muungwana. Ilikuwa 20W-50! Injini hii inataka 5W-40 yenye alama ya VW 502 00. Oili nzito vile inaficha kelele za injini iliyochoka mpaka hizo wiki mbili zake zipite.

Nilipomrudia akasema fundi wako kafunga vibaya, nikamtumia picha ya namba akanibloku. Nikaenda kibandani, kuna kijana mwingine anasema huyo hamjui. Nimefungua RB polisi, wameniambia risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) ingesaidia sana, mimi nina kikaratasi. Na kuna jambo lingine, kadi ya gari ina namba ya injini, ukifunga injini ambayo hujui imetoka wapi na ikaja kuonekana ni ya gari ya wizi wewe ndo utakayeulizwa.

Kuna mwenzetu wa Tegeta amenipigia, ya kwake stika BWA na namba imesagwa kabisa kwa grainda. Tuko wawili. Kama na wewe ulinunua injini iliyopulizwa siliva pale nenda kasugue uone namba, halafu nitafute, Jumatatu asubuhi tunarudi kituoni na tukiwa wengi watatusikiliza.