Fantasia nilizosoma tangu masika, na swali la bibi kuhusu jina la mama

Tangu masika yaanze nimemaliza vitabu vinne vya fantasia na kimoja cha zamani nimekirudia, karibu vyote nimevisomea njiani, maana mi nakaa Kigamboni na duka letu la vitenge liko Kariakoo, kwa hiyo kila siku ni pantoni halafu mwendokasi kutoka Kivukoni, na siku foleni ya pantoni ikiwa ndefu unajikuta umemaliza sura nzima umesimama.

Nianze na A Wizard of Earthsea cha Ursula K. Le Guin kwa sababu hicho ndo kimenisumbua akili mpaka leo. Nilikipata kwenye vitabu vya mtumba pale Posta, vile vinavyopangwa chini pembeni ya njia, nikamwamkia mzee anayeuza, shikamoo mzee, akasema marahaba binti, hicho elfu tano tu maana kava imetoka. Kitabu chembamba, cha mwaka 1968. Nilijua nitakimaliza siku mbili, kikanichukua wiki mbili kwa sababu kila kurasa chache nilikuwa nasimama nafikiri.

Stori ni ya kijana mchunga mbuzi kwenye kisiwa kinaitwa Gont, mama yake alifariki yeye hajatimiza hata mwaka, aliyemtunza utotoni ni dada wa marehemu mama yake ambaye ndo mchawi wa kijiji. Siku moja anamsikia anaita mbuzi kwa maneno fulani, kesho yake na yeye anayarudia bila kujua maana, mbuzi wote wanamjia mbio wanambana hawataki kumwachia. Mi hapo tu nilishanasa. Afu dunia yenyewe karibu yote ni visiwa na bahari, watu wanasafiri kwa majahazi kisiwa kwa kisiwa, kila kisiwa na watu wake na tabia zake, kwa mtu ambaye ukoo wake umegawanyika Pemba, Unguja na Dar hii dunia haihitaji kuelezewa. Na Ged mwenyewe, huyo kijana, ngozi yake ni ya kahawia iliyoiva, rafiki yake Vetch ni mweusi kabisa, imeandikwa waziwazi. Mwaka 2004 walipotoa tamthilia ya TV wakamweka Ged mzungu, na Le Guin aliilalamikia hadharani. Nilivyolijua hilo nikazidi kumheshimu.

Sasa kilichonisimamisha ni majina. Kule Earthsea kila mtu ana jina la kuitwa na ana jina la kweli, na la kweli humwambii mtu, kwa sababu anayelijua jina lako la kweli amekushika, anaweza kukufanya anachotaka. Niliposoma hapo nilifunga kitabu nikaangalia maji tu mpaka pantoni ikagonga upande wa pili. Sisi watu wa pwani hili jambo tunalo! Ukienda kuangaliwa nyota swali la kwanza unaloulizwa ni jina lako na jina la mama yako, la baba wala hawalitaki, herufi zinageuzwa namba zinajumlishwa zinagawanywa kwa 12, kinachobaki ndo nyota yako. Ndo maana bibi yangu alitukataza toka tukiwa wadogo, jina la mama yako usilitajetaje hovyo mbele ya watu usiowajua, na ukisikia unaitwa jina lako usiku nje usiitike kwanza. Tulikuwa tunaona ni mambo ya wazee tu. Halafu unakuja kukuta mwanamke wa Marekani miaka ya sitini kajenga dunia nzima juu ya hofu ileile.

Sehemu mbili nazipenda kuliko zote. Ya kwanza Ged ameenda kujifunza uchawi kwa mzee Ogion, anategemea atafundishwa mambo makubwa, mzee hasemi kitu, wanatembea tu msituni, mvua inaanza kunyesha na huyu mzee ana uwezo wa kuisogeza ile mvua ikanyeshe kwingine lakini haisogezi, anatafuta mti mnene analala chini yake analowana kama mtu mwingine yeyote. Ged anakasirika, anajiuliza uwezo una faida gani kama hautumii. Mi nilisoma hiyo sehemu siku ya mvua ile kubwa, nimejibanza Kivukoni viatu mkononi, na nilimwelewa mzee kabisa, ukiifukuza mvua kwako unampelekea jirani. Ya pili ni baada ya Ged kufanya kosa lake kubwa, ameita kitu ambacho hakutakiwa kukiita kwa sababu ya kiburi na kushindana, amepona ila uso umebaki na makovu, kila mtu kwenye chuo cha uchawi anachosoma anamkwepa, anakuja Vetch anamwambia jina lake la kweli, Estarriol, bila kuombwa. Yaani anampa mtu aliyeharibikiwa kitu ambacho kinaweza kumuua mwenyewe. Nililia, na nilikuwa ndani ya mwendokasi nimeshika bomba.

Lugha yake ni ya taratibu kama mtu anahadithia jioni, hakuna maneno mengi ya majibizano, wanaopenda vita kila sura wasikinunue. Ila kuna kitu kilinikera, wanawake wamewekwa pembeni mno, chuo cha wachawi Roke ni cha wavulana peke yao, na kuna hadi msemo wa watu wa Gont unaodharau uchawi wa wanawake.

Nikampigia bibi kule Wete, Pemba, nikamhadithia kitabu chote, ilichukua karibu saa nzima na bando ikaisha katikati ikabidi niunge upya. Bibi alisikiliza kimya, akaguna kwenye mvua, akaguna kwenye jina la Vetch. Nilipomaliza akaniuliza swali moja tu, "Na mama yake huyo mtoto, jina lake nani?"

Nikamwambia bibi ngoja nitazame. Nikarudia kurasa za mwanzo zote. Hayupo. Jina alilomwita mwanae lipo, Duny, na mwandishi anasema hilo jina na uhai ndo vitu pekee mama aliweza kumpa, halafu akifikisha miaka 13 hata hilo Duny anavuliwa, mzee Ogion ndo anampa jina la kweli, Ged. Mama mwenyewe hana jina, yule dada yake aliyemfundisha neno lake la kwanza la uchawi naye hana, ni mchawi wa kijiji tu. Kitabu kizima ni cha majina na mama hana jina! Nilikuwa nimekisoma chote sijaliona, bibi ambaye hajakishika kaliona. Bado nakipa 9 kati ya 10, lakini ile moja iliyopungua ni ya huyo mama.

Kutoka hapo nikaingia Who Fears Death cha Nnedi Okorafor, cha 2010, kilichukua World Fantasy Award 2011. Huyu wazazi wake ni Waigbo wa Nijeria, yeye kazaliwa Marekani, na stori kaiweka Sudani ya miaka mingi ijayo, jangwa, kompyuta mbovu za kale, mashine za kuvuna maji hewani, na uchawi. Na hapa, kama vile mwandishi alimsikia bibi, mama ana jina, anaitwa Najeeba, na ni yeye mwenyewe aliyempa mwanae jina la Onyesonwu, ambalo kwa Kiigbo ni nani anaogopa kifo. Alifanyiwa nini huyu mama mpaka akafika kumpa mtoto jina kama hilo siwezi kusimulia hapa, ni mambo ya vita na ubakaji, Okorafor aliyapata kwenye habari za kweli za Darfur, na anayeshika hiki kitabu ajue kabisa kurasa za mwanzo ni nzito sana. Mi niliweka chini siku tatu.

Halafu mpenzi wa Onyesonwu anaitwa Mwita. Mwita! Mi nina rafiki dukani kwetu ni Mkurya wa Tarime, kaka yake Mwita, babu yake Mwita, nikamwonyesha ile kurasa akaishika simu yangu akasoma jina mara mbili tatu hataki kuirudisha. Akaniomba nimhadithie na nikamhadithia mpaka nilipofika kwenye ile ibada ya mabinti wa miaka 11, ambapo Onyesonwu anatoroka usiku kwenda kukeketwa, hajalazimishwa na mtu, anaenda kwa siri kwa sababu anadhani atawaondolea wazazi aibu. Rafiki yangu alinyamaza. Baadae tunafunga duka akaniambia, dada, huyo aliyeandika amepajuaje kwetu. Sikuwa na jibu. Nimesoma makala na mabango ya kampeni za ukeketaji mengi tu lakini hakuna lililoonyesha hiyo hali ya mtoto kwenda mwenyewe kwa kuwapenda wazazi wake kama hizi kurasa chache.

Kasoro ipo, safari ya jangwani katikati inarudiarudia, ugomvi wa wale marafiki unachosha, na mwisho unakimbia, mambo makubwa ya kujaza sura tano yameminywa kwenye kurasa chache. Ila mzee Aro, mchawi wa mji wao, anavyomkataa Onyesonwu kumfundisha uchawi kwa sababu ni msichana, anarudi anakataliwa, anarudi anakataliwa, na yeye hakati tamaa, hapo ndo nikaona tofauti na kule Roke. Okorafor huo mlango uliofungwa kaufanya ndo stori yenyewe. Hiki nakipa 9 na nusu, na natamani mtu akitafsiri kwa Kiswahili vizuri, maana mama zetu wanaotakiwa kukisoma Kiingereza hiki kitawashinda.

The Fifth Season cha N.K. Jemisin nitapita haraka sio kwa sababu ni kibaya, ni kwamba ukikielezea unakiharibu. Ni cha 2015, yeye na vitabu vyake vitatu vya mfululizo huo amechukua tuzo ya Hugo ya riwaya bora 2016, 2017 na 2018, hakuna aliyewahi kuchukua mara tatu mfululizo kabla yake. Sura zake nyingi zinakusemesha "wewe", wewe umefanya hivi, wewe umemkuta mwanao amekufa, na mwanzoni inachanganya ila vumilia kurasa kama mia hivi. Kuhusu majina humu sisemi neno, utakuja kuelewa mwenyewe kwa nini. Kisomee cha karatasi kama unaweza, kina kamusi yake nyuma na kwenye simu kwenda mbele na kurudi nyuma ni adha.

Black Leopard, Red Wolf cha Marlon James, Mjamaika, cha 2019, hiki kilinishinda mara ya kwanza, mara ya pili ndo nikakimaliza na sijui kama nitakirudia. Mhusika anaitwa Tracker, mfuata nyayo, ana pua inayofuata harufu ya mtu hata akiwa mji mwingine kabisa, na hizo harufu zilivyoandikwa, aisee, nilikuwa natembea Kariakoo nagawa harufu moja moja, bizari, mafuta ya nazi, majitaka, vitambaa vipya. Lakini damu ni nyingi mno, ukatili wa kimwili uko kila mahali, Kiingereza chake kimepindwa makusudi na unasoma zaidi ya kurasa 600 bila kujua umwamini nani. Kuna jitu humo linaitwa Sasabonsam, lina mabawa kama popo, limetoka kwenye hadithi za Waakan wa Ghana, na niliposoma linavyoshuka gizani nikasikia sauti ya bibi akisimulia mwaka 1995 Popobawa alivyotanda Pemba na Unguja, watu wazima wanatoka vitandani wanalala nje wamekusanyika na moto umewashwa. Hiyo hofu James ameipata sawasawa. Nakipa 6, kwa pua na kwa mabawa.

Kilichorudiwa ni Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, maana baada ya hayo yote nilitaka lugha yangu. Tulikisoma shuleni tukakiita kitabu cha mawaidha, lakini kitazame vizuri, liwali Adili kila usiku anawachapa manyani wawili huku analia, halafu anawalisha vizuri, na hao manyani ni ndugu zake wa tumbo moja na akiacha kuwachapa jini atamwadhibu yeye! Hiyo ni fantasia na inatisha. Shida yangu ni majina, ndugu wanaitwa Hasidi na Mwivu, wakitajwa tu umeshajua watakachofanya, jina limesema yote mhusika hajafungua mdomo. Ila kile Kiswahili nilikisoma kwa sauti jikoni peke yangu. Namba siwezi kukipa.

Juzi nimerudi kwa yule mzee wa Posta, kaniwekea cha pili cha Earthsea, The Tombs of Atuan, cha 1971, safari hii kava ipo, elfu saba. Nilishasikia ni cha msichana anayenyang'anywa jina lake akiwa mdogo awe kuhani wa makaburi, na bibi kashaniambia nikianza nimpigie. Nikakifungua palepale nimesimama, jua linazama, adhana ya magharibi inaanza. Ukurasa wa kwanza kabisa, giza linaingia, mama amesimama mlangoni moto nyuma yake, anamwita mwanae kwa jina arudi nyumbani, Tenar, Tenar, na mtoto anazunguka kwanza kwenye majani mabichi ndipo anageuka kurudi.