Uzoefu wangu: kusomewa makutano ya Mshtarii na Zohali katika chati ya mwanangu

Mwanangu alizaliwa Dar es Salaam tarehe 21 Desemba 2020, siku ambayo sayari mbili, Mshtarii (Jupita) na Zohali (Saturni), zilionekana angani zikiwa zimekaribiana kuliko wakati wowote tangu mwaka 1623. Jioni ile muuguzi aliniita dirishani na kuninyooshea kidole upande wa magharibi, nami nikaona nyota mbili zilizobanana, moja kubwa na angavu, nyingine hafifu, kana kwamba zinanong'onezana. Picha hiyo haikunitoka, na ndiyo iliyonifanya nitafute mtu wa kunisomea makutano hayo kwa falaki ya Kihindi.

Nilianza na huduma moja ya mtandaoni, ambayo sitaitaja, na nikalipa shilingi 25,000. Waliponiuliza muda wa kuzaliwa niliandika "saa tisa na dakika 20", kama ninavyosema kila siku. Ripoti waliyonitumia ilisema kwamba Mshtarii imo katika buruji ya Mbuzi, moja ya mafungu kumi na mawili ya nyota, ambako nguvu zake hushuka kuliko kwingine kote, tena imesimama nyuzi 6 na kidogo, hatua chache tu kutoka nyuzi ya 5 ambayo ndiyo shimo lenyewe. Kwamba imeketi nyumba ya kwanza kati ya nyumba kumi na mbili za chati, ile inayosimamia mwili na akili ya mtoto. Na kwamba Zohali iliyo pembeni yake inaikandamiza. Nikashauriwa ninunue pete ya yakuti ya njano. Kwa mama wa mtoto mdogo, maneno kama hayo hayasomwi na kusahaulika, na usingizi ulinipaa kwa siku kadhaa.

Rafiki yangu ndiye aliyenielekeza kwa mzee mmoja wa Kihindi anayepokea watu jirani na mahekalu ya Barabara ya Kisutu. Malipo yake yalikuwa shilingi 60,000, na tulikaa karibu saa mbili. Aliitazama ripoti yangu, akaweka kidole kwenye 09:20, akaniuliza, "Mama, huyu mtoto alizaliwa asubuhi au mchana?" Nilitoa karatasi ya hospitali iliyoandikwa 15:20. Saa tisa yangu ya alasiri ilikuwa imeingizwa kwenye mashine kama saa tatu ya asubuhi. Mzee alinieleza kwamba buruji inayochomoza mashariki, ambayo wao huiita lagna, hubadilika takriban kila baada ya saa mbili, kwa hiyo kosa la saa sita lilikuwa limeivuruga chati nzima: lagna ilitoka Mbuzi ikaenda Kondoo, Mwezi ukatoka Ndoo ukaingia Samaki, na makutano yaliyodaiwa kuwa nyumba ya kwanza yakahamia nyumba ya kumi, ambayo ni ya kazi na heshima ya mtu mbele ya watu.

Nilimuuliza pia kwa nini nyota za magazetini ziliweka makutano yale katika Ndoo ilhali yeye anayaweka katika Mbuzi. Akasema falaki yao hupima kwa nyota zisizohama, na tofauti ya hesabu yao na ile ya magazetini kwa sasa ni takriban nyuzi 24.

Kisha akaingia kwenye kiini, na hapa ndipo niliona thamani ya fedha yangu. Mshtarii ni dhaifu katika Mbuzi, hilo hakulipinga, lakini Mbuzi ni nyumbani kwa Zohali, na Zohali ilikuwa imo humo humo, katika moja ya nyumba nne ambazo wao huzihesabu kuwa nguzo za chati. Mgeni aliyechoka amefikia kwa mwenyeji mwenye uwezo, alisema, na kanuni yao inayoitwa neecha bhanga huhesabu kwamba udhaifu wa namna hiyo umefutwa. Tena kwa lagna ya Kondoo, Mshtarii ndiye bwana, yaani mtawala, wa nyumba ya tisa na Zohali bwana wa nyumba ya kumi, na mabwana hao wawili wakikutana huhesabiwa kuwa ni muungano mzuri sana. Hakunificha upande wa pili. Sayari zikikaribiana chini ya nyuzi moja husemwa kuwa ziko vitani, na wataalamu hawakubaliani juu ya mshindi: wengine humpa iliyo kaskazini, nayo siku ile ilikuwa Zohali, wengine humpa inayong'aa zaidi, ambayo ni Mshtarii. Yeye alielekea kwa Zohali, akaniambia wazi kwamba hayo ni maoni yake.

Kuhusu vipindi, yaani miaka ya maisha ambayo kila sayari hupewa kwa zamu kuitawala, alisema mtoto alizaliwa akiwa amebakiwa na takriban miaka 3 tu ya kipindi cha Mshtarii, na tangu mwanzoni mwa 2024 yumo katika miaka 19 ya Zohali, hivyo tutarajie mtoto anayejifunza polepole lakini hasahau. Pete alinikataza kununua. Nilipouliza habari za ndoa ya mtoto huyu mdogo, alikataa kabisa kujibu, na nilimheshimu zaidi kwa hilo.

Kasoro ipo. Hatoi ripoti ya maandishi. Alinichorea chati kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari, maneno mengi yakiwa ya Kigujarati, na nusu ya maelezo ilibidi niyaandike mwenyewe haraka haraka. Anayekwenda kwake abebe daftari, na muda wa kuzaliwa auandike kwa mfumo wa saa 24.

Muda wetu uliisha alipokuwa akigusia kwamba sayari zote mbili, kutoka nyumba ya kumi, zinaitazama moja kwa moja nyumba ya nne, ambayo ni nyumba ya mama. Nimeshaweka miadi ya kurudi, na safari hii nitauliza hiyo.