TAHADHARI: Muuzaji wa jumla anakuuzia mikoba bandia, kesi inabaki kwako

Ndugu wauzaji wenzangu, naandika tahadhari hii kwa wote wanaonunua mzigo kwa jumla kupitia mtandao na kuuuza tena kwa rejareja katika masoko ya mtandaoni. Yuko muuzaji wa jumla, na naamini hayuko peke yake, anayeuza mikoba na pochi zenye alama za kampuni kubwa huku akiapa kwamba ni halisi, na mnunuzi anapokuja kuujua ukweli huwa tayari ameshtakiwa na mwenye alama katika mahakama ya nchi ambayo pengine hajawahi kuikanyaga. Hayo yamenipata mimi, na sitaki yampate mwingine.

Kilichonidanganya ni kwamba bei yake haikuwa ya kutupa. Tumezoea kuambiana kwamba bidhaa bandia hujulikana kwa bei yake ya chini, lakini huyu aliuza kwa bei iliyopungua kiasi tu, akaeleza kwamba ni mabaki ya kiwanda, yaani mikoba iliyozidi oda ya mwenye alama, na akanitumia picha ya barua ya idhini yenye nembo na muhuri. Mzigo ulipofika niliukagua mwenyewe. Ngozi ilikuwa nzuri na mishono imenyooka, ila nilipogeuza mfuko wa ndani wa kila mkoba nilikuta kitambulisho kidogo kilichoshonwa kikiwa na namba ile ile, tarakimu kwa tarakimu, kwenye mikoba yote arobaini. Nilimuuliza, akanijibu kwamba hiyo ni namba ya kundi la uzalishaji. Jibu hilo lilinitosha kwa sababu nilitaka linitoshe, na hapo ndipo kosa langu lilipoanza.

Nasema hivyo kwa kuwa sheria haitazami tu kile ulichokijua, bali pia kile ulichokwepa kukijua. Mwaka 1992, katika kesi ya kampuni ya migahawa ya Hard Rock Cafe iliyohusu soko la mitumba na fulana bandia, mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko Chicago, Marekani, ilieleza kwamba kufumba macho kwa makusudi ni sawa na kujua. Swali nililomuuliza muuzaji kuhusu namba ile, ambalo bado limo katika mazungumzo yetu ya simu, linaonyesha kwamba nilishuku, na bado niliuza. Hata hoja ya mabaki ya kiwanda haina uzito ambao wauzaji hawa huipa: mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba bidhaa iliyotengenezwa kwa idhini ya mwenye alama lakini ikauzwa bila ridhaa yake inaweza kumtia muuzaji hatiani kwa jinai, na sheria yao ya alama za biashara ya mwaka 1994 inaruhusu kifungo cha hadi miaka 10.

Wiki kadhaa baadaye nilipokea barua pepe iliyosema kwamba nimeshtakiwa Marekani. Niliifuta nikidhani ni utapeli. Siku ya pili nilipofungua akaunti yangu ya mauzo nilikuta salio lote limezuiliwa, si fedha za mikoba peke yake bali hata za bidhaa nyingine ambazo hazikuwa na ugomvi na mtu yeyote, na soko halikunipa maelezo zaidi ya namba ya kesi na anwani ya mawakili wa mdai.

Namna kesi hizi zinavyoendeshwa inafaa ieleweke vizuri, kwa sababu wengi wetu tunadhani mashtaka huanza kwa onyo. Katika mahakama ya shirikisho ya Wilaya ya Kaskazini ya Illinois, yenye makao yake Chicago, wenye alama wamezoea kufungua kesi moja dhidi ya makumi au hata mamia ya wauzaji wa mtandaoni kwa pamoja, majina ya maduka yao yakiwekwa kwenye kiambatisho kiitwacho Schedule A. Mwanzoni jalada hufungwa lisionekane na umma, na jaji huweza kutoa amri ya zuio ya muda bila kumsikiliza mshtakiwa, kwa hoja kwamba akijulishwa mapema atahamisha fedha. Amri hiyo hudumu siku 14 na inaweza kuongezwa, na ndiyo inayolifanya soko au kampuni ya malipo ifunge salio lako. Mahakama hizo pia huruhusu hati za kesi zifikishwe kwa barua pepe. Kwa hiyo ile barua niliyoifuta ilikuwa hati halali ya mahakama, na siku zangu 21 za kuwasilisha utetezi zilikuwa zimeanza kuhesabiwa. Asiyejibu huandikiwa hukumu bila kusikilizwa, na fedha zilizofungwa huchukuliwa kulipia hukumu hiyo.

Wapo watakaosema kwamba wako mbali na mahakama hiyo haiwafikii. Mwaka 2022 mahakama ile ile ya rufaa ya Chicago iliamua kesi ya NBA Properties, kampuni ya alama za ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, dhidi ya duka la mtandaoni lililokuwa China. Mpelelezi wa mdai alikuwa ameagiza kaptula moja tu ya mpira wa kikapu, ikapelekwa kwenye anwani ya Illinois, na mahakama ikaona kwamba mauzo hayo yanatosha kuipa mamlaka ya kulisikiliza shauri. Nimepitia orodha yangu ya wateja nikakuta mkoba mmoja ulikwenda Illinois.

Kiasi cha fidia ndicho kinachotisha kuliko yote. Chini ya sheria ya Marekani ya mwaka 1946 iitwayo Lanham Act, mwenye alama anaweza kuchagua asithibitishe hasara yake halisi na badala yake aombe fidia iliyowekwa na sheria, ambayo ni kati ya dola 1,000 na dola 200,000 kwa kila alama iliyoghushiwa kwa kila aina ya bidhaa, na ikiwa ilifanyika kwa makusudi kiwango hicho kinaweza kufika dola 2,000,000. Pochi na mkoba vinaweza kuhesabiwa kuwa aina mbili. Kutojua kwako kunaweza kumfanya jaji akae karibu na kiwango cha chini, lakini hakukuondolei dhima.

Sasa niwaonye pia juu ya utapeli wa pili unaozaliwa na huu wa kwanza. Kwa kuwa watu wamesikia habari za kesi hizi, matapeli nao wanatuma barua za kujifanya mawakili, wakidai ulipe ndani ya saa 24 ili jina lako liondolewe. Mimi nilipokea mbili za aina hiyo nikiwa katikati ya mashaka yangu, moja ikitaka malipo kwa sarafu ya kidijitali. Ugumu uko hapa: ukizipuuza zote utapuuza na ya kweli, na ukiziamini zote utamlipa mwizi. Usibofye kiungo chochote kilichomo. Ingia mwenyewe kwenye akaunti yako ya mauzo uone kama kuna zuio, kisha tafuta namba ya kesi katika PACER, mfumo rasmi wa kumbukumbu za mahakama za shirikisho za Marekani, ambao hutoza senti 10 kwa ukurasa na hausumbui kwa ada ikiwa matumizi yako hayazidi dola 30 kwa robo mwaka. Humo utaona majina ya mawakili waliofungua kesi, nawe utafute mawasiliano yao kwa njia yako, si kwa kutumia yale yaliyo kwenye barua.

Ukikuta kesi ni ya kweli, tafuta wakili anayeruhusiwa kufanya kazi katika mahakama hiyo kabla siku hazijaisha. Wakili wangu alinieleza kwamba mshtakiwa anaweza kuomba zuio lipunguzwe lilingane na mauzo ya bidhaa zinazobishaniwa, na kwamba mengi ya mashauri haya humalizwa kwa suluhu nje ya mahakama, ambapo rekodi kamili ya mauzo yako ndiyo silaha yako kubwa. Alinikataza kuuza mikoba iliyobaki, kuitupa au kuiteketeza, kwa kuwa ni ushahidi. Mazungumzo na muuzaji wa jumla nayo niliyahifadhi yote, pamoja na yale yanayoniaibisha.

Kumshtaki muuzaji huyo ningependa, lakini ankara yake, ambayo sikuisoma vizuri nilipolipa, imeandikwa tu "bidhaa mchanganyiko", haina jina la alama, na anwani iliyo juu yake ni ya ghala la kupitishia mizigo lisilomfahamu. Nawasihi sana mlitazame hilo kabla ya kutoa fedha. Ankara itaje bidhaa na alama yake, na muuzaji aonyeshe yeye alinunua kwa nani, hadi mlolongo ufike kwa mwenye alama. Jina la mwenye alama mnaweza kulipata bure katika hazina ya alama za biashara ya WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la hakimiliki ubunifu, iitwayo Global Brand Database, ambamo bidhaa hupangwa kwa madaraja na mikoba ya ngozi huwa katika daraja la 18. Mkishalijua, mwandikieni moja kwa moja kuuliza kama barua ya idhini ni yake. Nilipofanya hivyo, nikiwa nimechelewa, nilijibiwa siku ya tatu kwamba kampuni haijawahi kumpa mtu huyo idhini yoyote, na jina la kampuni lililo kwenye barua ile lilikosewa herufi moja.

Muuzaji mwenyewe alifunga duka lake siku niliyomtumia namba ya kesi. Tangu hapo nimemwona mara mbili kwa majina tofauti ya maduka. Mtamtambua kwa picha ya mikoba mitatu ya kahawia iliyopangwa juu ya kitambaa cha buluu chenye mkunjo upande wa kushoto, kwa maneno "mabaki ya kiwanda, karatasi zipo", na kwa desturi yake ya kuomba nusu ya malipo yapelekwe kwenye akaunti ya mtu binafsi. Aliyekwisha kununua kwake asimamishe mauzo leo, kisha ageuze mfuko wa ndani wa kila mkoba na kulinganisha namba.