Red Rocks na Royal Albert Hall: roki mubashara, uzoefu wangu

Ziara ya bendi ninayoipenda ikitangazwa, mimi huangalia kumbi kabla ya tarehe. Bendi moja ya roki niliisikia Red Rocks, uwanja wa wazi wa muziki huko Marekani, kisha nikaisikia tena Royal Albert Hall, ukumbi wa ndani jijini London. Nyimbo karibu zote zilikuwa zilezile, ila nilichosikia kilikuwa tofauti kabisa.

Nianze na Red Rocks, maana ndiyo iliyonishika zaidi. Iko Morrison, karibu na Denver, takriban mita 1,960 juu ya usawa wa bahari. Watu takriban 9,500 hukaa kwenye mabenchi marefu yaliyopangwa ngazi kwa ngazi juu ya mteremko, katikati ya miamba miwili mikubwa mno, Ship Rock na Creation Rock, inayoinuka kama mita 90. Uwanja ulifunguliwa mwaka 1941, na msanifu wake, Burnham Hoyt, aliiacha miamba iwe kuta. Hakuna paa. Hapo ndipo utamu ulipo: miamba huishikilia sauti pembeni, na inayobaki hupotelea angani badala ya kugonga dari na kukurudia. Niliwahi kuingia ukumbi mmoja wa michezo ambako sikuambulia hata neno moja la mwimbaji, besi imemeza kila kitu. Huku, nikiwa safu za katikati, nilisikia vidole vya mpiga gitaa vikikwaruza nyuzi alipokuwa akihamisha mkono. Mpiga dramu akikanyaga ngoma kubwa, ubao wa benchi ulitetemeka chini yangu.

Jiandae na ngazi, lakini. Hewa ni nyepesi, na wenye afya zao utawaona wamesimama njiani wanatweta. Panda taratibu, kunywa maji. Hali ya hewa nayo hubadilika ghafla. U2, bendi ya roki ya Ireland, walipiga hapo tarehe 5 Juni 1983 baada ya mvua kubwa, na wenye tiketi wengi hawakufika, lakini kamera ziliwashwa na onyesho likaendelea. Picha za usiku ule, ukungu ukipita mbele ya mienge iliyowashwa juu ya miamba, ndizo zilizonitia hamu ya kwenda. Usiku wangu mimi ulikuwa na upepo tu, na kwa muda mfupi upepo huo uliyumbisha sauti ya juu ya gitaa. Sikuujali.

Royal Albert Hall ni habari nyingine. Ulifunguliwa mwaka 1871, zama ambazo hakuna aliyewaza gitaa la umeme, na kuba lake kubwa lilisumbua watu kwa mwangwi kwa karibu karne nzima. Mwaka 1969 yakatundikwa darini madude ya duara yanayofanana na uyoga, kazi yake kuivunja sauti kabla haijapanda kwenye kuba na kurudi. Inua macho, utayaona. Cream, bendi ya roki ya Uingereza, walipoagana na mashabiki humo Novemba 1968, uyoga huo haukuwepo. Waliporudi Mei 2005 ulikuwepo. Natamani sana ningeyasikia maonyesho yote mawili.

Ukumbi huu unakuweka karibu na wanamuziki. Unachukua watu zaidi ya 5,000, lakini kwa kuwa ni wa mviringo, hata aliye mbali huona sura zao. Bendi ilipopunguza vyombo na kumwachia mwimbaji gitaa moja, ukumbi mzima ulinyamaza, nikamsikia akivuta pumzi kabla ya kila mstari. Wimbo huohuo Red Rocks ulipita bila kunigusa. Ila dramu zilipoingia kwa nguvu, mimi nikiwa ghorofa ya juu, mapigo ya haraka yaliungana yakawa mngurumo mmoja. Rafiki yangu aliyekaa chini karibu na jukwaa alisikia kila pigo.

Kwa bendi yenye gitaa nzito na ngoma za kasi, ningetoa pesa zangu Red Rocks bila kusita: safu za katikati, na koti la mvua badala ya mwavuli utakaomziba aliye nyuma yako. Royal Albert Hall ningeutunzia bendi inayojua kushusha sauti, na ningelipa zaidi nipate kiti cha chini. Kama viti vya chini vimekwisha na bendi ni ya kelele tupu, ningesubiri ziara nyingine.