Bolti kumi na mbili, nguvu ya kukata sifuri

Programu hii ya elementi finiti (inayogawa muundo vipande vidogo na kukokotoa nguvu ndani ya kila kimoja) nimeitumia muda sasa, na hadi majuzi ningeipigia debe kwa yeyote.

Kazi ilikuwa kiungo cha mabamba matatu. La kati linavutwa upande mmoja, mawili ya nje yanavuta upande wa pili, na bolti za M12 (kipenyo milimita 12), daraja la uimara 8.8, zimepenya yote matatu. Nikaomba jedwali la mizigo ya bolti, lile wanalojisifia nalo. Safu ya nguvu ya kukata, ile inayoisukuma bolti kimkingamo, ikaniletea 0.1 kN (kilonyutoni), 0.0, 0.2, hivyo hivyo hadi bolti ya kumi na mbili! Bamba linavutwa kwa 108 kN, bolti zimekaa kama zimekuja kutazama harusi. Na msuguano nilikuwa nimeuzima makusudi, kwa hiyo mzigo haukuwa na njia nyingine ya kupita.

Kalamu na karatasi zilitosha. Kila bolti inapokea 9 kN kutoka bamba la kati. Nusu inakwenda bamba la juu, nusu la chini. Kwa hiyo 4.5 kwenye mpaka wa kwanza kati ya mabamba, 4.5 kwenye wa pili, alama zikipingana. Jedwali limechukua wastani wa bolti nzima: chanya ikamezwa na hasi. Bolti inakatwa mahali pawili, ripoti inasema imelala.

Nikawaandikia huduma kwa wateja, kwa heshima zote. Jibu likaja: "Ndugu, wastani uko sahihi kihesabu. Mhandisi anapaswa kujua mizani ya nguvu." Mizani ya nguvu! Mimi ndiye niliyeipiga hiyo mizani, wao ndio walioitumia kufuta mzigo!

Haya, niseme haki. Matokeo ya kila kipande cha bolti yapo, yamefichwa menyu ya tatu ndani, na huko nilizikuta 4.5 zangu zote. Mvutano wa bolti kwa urefu wake nao wanaupatia. Nilikaza bolti kwa 36 kN, nikaongeza mvuto wa nje wa 10, bolti ikapanda hadi 38 tu. Ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu sehemu kubwa ya mvuto huo huishia kuyapunguzia mabamba mgandamizo. Asiyelijua hilo angejumlisha 46 na kujitisha bure. Kwa hapo nilishaweka nyota nne.

Kisha nikaikumbuka ile "mhandisi anapaswa". Nikashusha hadi mbili. Kijana aliyeanza kazi juzi ataiona sifuri ile, atapunguza bolti, ataweka sahihi, na wastani utakuwa bado uko sahihi kihesabu.

Leseni yangu inakaribia kuisha na, aibu yangu, nitailipia tena. Kwa kusuka meshi, ule wavu wa vipande vidogo, sijaona ya kuishinda. Ile safu nimeifuta kwenye ripoti zangu zote. Nyota mbili. Au moja na nusu, wangekuwa wanaruhusu.